Mbegu ya nyasi Kentucky 31: geuza mfuko usome lebo kabla ya kulipa

Kentucky 31 ni feskyu ndefu, nyasi ya kudumu yenye asili ya Ulaya, na ni kati ya mbegu za bei nafuu utakazokuta kwenye maduka ya Marekani msimu wa kupanda. Jina linatokana na mwaka 1931, pale E. N. Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky alipoiona imestawi kwenye mteremko wa shamba la William Suiter, Menifee County, jimbo la Kentucky. Ilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1943. Sifa iliyomvutia Fergus ndiyo inayouzwa hadi leo: inashika udongo wa mteremko, mizizi yake inakwenda chini sana, na inavumilia ukame.

Kwa Waswahili wa Lexington na Louisville, miji ya jimbo hilohilo, wenye ua wa mfinyanzi mgumu ambao watoto wanachezea mpira, inafaa. Anayetaka zulia laini la kupigia picha aongeze pesa anunue feskyu za kisasa za bustani, zenye jani jembamba. Jani la Kentucky 31 ni pana, upande wa juu lina mistari iliyoinuka, upande wa chini linang'aa, na kingo zake zinakwaruza kidole.

Sasa mfuko wenyewe. Picha ya mbele haina maana, habari iko kwenye lebo. Mifuko mingi huuza mbegu zilizopakwa koti la kushika unyevu, na koti hilo laweza kuwa nusu ya uzito mzima: kilo 10 ulizolipia zina kilo 5 tu za mbegu. Zidisha asilimia ya mbegu safi kwa asilimia ya uotaji. Safi 98 kwa uotaji 85 inakupa asilimia 83 ya mfuko ndiyo mbegu zitakazoota. Iliyopakwa, 49 kwa 85, inakupa chini ya 42. Mfuko "wa bei rahisi" mara nyingi unageuka kuwa ghali hapo. Tazama pia tarehe ya kupimwa uotaji, na mstari wa "mazao mengine". Hata asilimia 1 ya nyasi aina ya orchardgrass ni balaa: inaota kwa mafungu ya kijani kilichopauka, inakua haraka kuliko feskyu, na hakuna dawa inayoiua ikaiacha feskyu. Utaing'oa kwa jembe fungu kwa fungu.

Panda kati ya katikati ya Agosti na mwisho wa Septemba. Inayopandwa majira ya kuchipua hukutwa na joto na magugu ikiwa bado changa. Pima udongo kwanza. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6 hadi 6.5 inatosha. Kwaruza ardhi kwa reki, kisha tumia gramu 30 hadi 40 za mbegu isiyopakwa kwa mita moja ya mraba, yaani kilo 3 hadi 4 kwa mita 100. Igawe mara mbili: nusu mwage ukienda urefu, nusu ukienda upana. Fukia kwa reki isizidi sentimita 1, kanyagia, tandaza majani makavu kwa tabaka jembamba kiasi cha kuona udongo chini yake. Mwagilia kidogo kidogo mara 2 au 3 kwa siku hadi iote, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Ikifika sentimita 10, kata ibaki 7.5, na usishuke hapo wakati wa kiangazi.

Ukipanda haba, inasimama mashina mashina kama shamba lililotelekezwa, kwa sababu haitambai kuziba mapengo. Ukizidisha, miche inabanana na kuvu wa madoa ya kahawia anaishambulia usiku wa joto na unyevu. Mbolea nyingi ya naitrojeni majira ya kuchipua inamwita kuvu huyohuyo. Iweke vuli, gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Na kama uliweka dawa ya kuzuia magugu yasiote, mbegu hii nayo haitaota.

Wenye mifugo wawe waangalifu zaidi. Kentucky 31 ya asili inabeba kuvu ndani ya shina, asiyeonekana kwa macho. Ndiye anayeisaidia kustahimili wadudu na ukame, lakini sumu yake hubana mishipa ya damu. Ng'ombe wanaacha kunenepa, manyoya hayapukutiki, wanasimama kwenye maji mchana kutwa. Majira ya baridi kwato zinaweza kuoza. Farasi jike mwenye mimba aondolewe siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa, la sivyo anakosa maziwa. Kondoo na mbuzi nao wanaweza kuathirika. Changanya na klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde), kata kabla ya masuke kwani sumu hujaa humo, au nunua aina zenye kuvu asiye na madhara, kama Jesup MaxQ, ingawa bei yake ni ya juu zaidi.

Mbegu zilizobaki zihifadhi pakavu na baridi. Mwaka unaofuata funga mbegu 100 kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, hesabu baada ya siku 14. Zikiota 60 badala ya 85, ongeza kipimo chako kwa karibu nusu.