Kikao cha wanaoacha pombe Ngamiani, Tanga: nyota 4

Natoa nyota 4, hiyo moja iliyobaki ntaisema huko chini. Ila kama wewe ni mwanamke na unakunywa kwa kujificha soma hadi mwisho, mana nimekaa kuandika kwa ajili yako hasa.

Mimi nakaanga samaki nauza. Miaka mingi nlikuwa naamka na konyagi ndani ya kikombe cha chai ili watoto wasijue. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikasema afadhali, sasa ntaacha, wapi, nikahamia vichupa. Mwaka huu mikono ikaanza kutetemeka asubuhi hadi nashindwa kugeuza samaki kwenye karai, mafuta yakaniunguza mkono, ndo nikaanza kutafuta msaada.

Sasa kukipata hicho kikao ndo kazi. Usiku naandika AA (Alcoholics Anonymous, vikao vya walevi wanaosaidiana kuacha) kwenye simu naletewa vya Nairobi, Tanga sioni kitu. Kuna mtu akanipeleka soba hausi, wakaniambia nilipie kwa mwezi na nilale humo humo, na wote nliowaona pale ni vijana wa kiume wa unga. Mimi nna watoto wawili wa shule, nawaacha na nani? Watu wengi tunachanganya hapa, soba hausi unaingia unakaa miezi, kikao unakwenda kama saa moja unarudi kwako ukapike. Alonielekeza ni nesi, nlimpelekea mtoto kliniki akasikia harufu, hakunisema mbele za watu, alisubiri foleni ikaisha akaniandikia siku na saa kwenye kikaratasi akanikunjia mkononi. Mungu amlipe.

Wanakutana kwenye darasa la chekechea, Jumatano na Jumamosi saa 10 na nusu jioni. Nilipita mara mbili nikarudi nyumbani, mana hamna kibao chochote na siwezi kusimama katikati ya Ngamiani nikaanza kuulizia walevi wanakutana wapi. Mara ya tatu nikaona baiskeli nne tano zimeegemezwa ukutani, nikaingia.

Ndani mabenchi ya watoto, mafupi, magoti yanakufika kifuani, ukutani a e i o u. Watu tisa, wanawake wawili, mimi wa tatu. Mzee mmoja yuko kwenye birika, nikamwamkia shikamoo babu, akajibu marahaba mwanangu, kaa, chai ipo. Hakuniuliza jina wala nimetokea wapi. Akanimiminia chai ya tangawizi nusu kikombe. Nikatazama vya wenzangu vimejaa, moyoni nikasema au kwa sababu mgeni. Ile nanyanyua mkono ukaanza mambo yake, kikombe kinacheza na chai haimwagiki, ndo nikaelewa kwanini ni nusu. Nililia pale pale na hakuna alonitolea macho.

Wanafuata hatua 12 za AA, ile ilioanza Akron, Marekani mwaka 1935, mfanyabiashara Bill na Dokta Bob, wote walevi, waligundua kwamba mlevi akimsikiliza mlevi mwenzie wote wawili wanapata nguvu ya kutokunywa siku hiyo. Na ndo kinachofanyika pale, mtu anasema yake, hakatizwi, hashauriwi, anafata mwingine. Hulazimishwi kuongea, mimi nimekaa kimya vikao vinne. Hamna fomu wala kiingilio, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Kibakuli kinapita cha chai na sukari, mgeni anaambiwa asitoe. Alokaa muda mrefu anakuwa sponsa wako, yani mlezi, na mwanamke anapewa mwanamke, wangu ni mama mtu mzima anauza khanga, nampigia hata saa 8 usiku anapokea.

Mimi Muislamu na nlikuwa na wasiwasi nitakuta mambo ya dini nyingine. Hatua zenyewe zinasema Mungu jinsi kila mmoja anavyomuelewa, na wanamaliza mapema, Maghrib unaiwahi nyumbani.

Kitu kimoja tafadhali kama unakunywa kila siku: usiache ghafla peke yako ndani. Kutetemeka na jasho ni mwanzo, siku mbili tatu za kwanza mtu anaweza kupata degedege au akaona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa hivyo. Nenda hospitali, Bombo au kituo chako, sema ukweli unakunywa kiasi gani, wana dawa za kukuvusha. Kikao ni cha kukushikilia baada ya hapo, sio cha kutibu mwili.

Nyota nlioipunguza: Jumatano moja chekechea walikuwa na mahafali, kikao kikasogezwa na hakuna aloniambia. Nimesimama nje ya mlango uliofungwa na hela ya samaki mkononi, na duka la vichupa liko palepale ng'ambo ya barabara. Nlimpigia mama wa khanga akaja na bajaji. Lakini je asiyekuwa na namba? Nimewaambia wabandike hata karatasi, hata iandikwe "kikao kimehamia Alhamisi" tu bila kusema kikao cha nini. Na siku moja kwa wiki iwe ya kinamama peke yetu, mana kuna mambo siwezi kuyasema mbele ya baba wa jirani yangu.

Mlango ni wa bluu, rangi imebanduka chini. Usibishe hodi, wanakuwa wanaongea hawasikii, sukuma tu.