LCModel: usianzie kwenye jedwali

Nimeitumia LCModel, programu inayokadiria kiasi cha kemikali za ubongo (metaboliti) kutoka kwenye spektra za skana ya MRI, tangu nikiwa mwanafunzi, na kilichonifunga kwayo ni ukurasa wake wa matokeo. Kazi yote ya kuoanisha vilele inaishia hapo: spektra, yaani mchoro wa vilele vya kemikali hizo, kwa weusi, mkunjo wa programu kwa wekundu juu yake, mstari wa msingi (ishara pana iliyo chini ya vilele) kwa chini, mabaki (tofauti kati ya spektra na mkunjo) juu kabisa, na jedwali la metaboliti pembeni. Stephen Provencher, aliyeitunga programu hii, aliieleza njia hii mwaka 1993 na bado nairudia kila wiki.

Tatizo ni sisi wasomaji. %SD, yaani kadirio la kosa la kila kiasi kwa asilimia, zikiwa chini ya 20 huchapwa kwa buluu, na buluu inafariji. Nilishawahi kupata NAA, mojawapo ya metaboliti hizo, yenye %SD ya 4 nikaipitisha hapo hapo. Mwenzangu akaweka kidole kwenye mabaki: karibu na 1.3 ppm (kipimo cha mahali kwenye mhimili wa mlalo wa spektra) palikuwa na kilima na bonde, mafuta ya ngozi ya kichwa yaliyopenya kwenye kipimo, na mstari wa msingi ulikuwa umepinda hadi karibu na 2.01, mahali NAA inapokaa. %SD haikuonya, wala si kazi yake. Hukokotolewa kwa kudhani kuwa modeli ni sahihi na kinachosumbua ni kelele tu.

Sasa naanzia juu. Mabaki yakiwa kelele tupu kutoka kushoto hadi kulia, naendelea. Yakiwa na umbo, nasimama nitafute sababu. Kisha natazama FWHM, yaani upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake. Ikipita 0.1 ppm, ambayo kwenye skana ya tesla 3 ni kama hezi 13, glutamati na glutamini, ambazo vilele vyake hukaribiana, naziripoti kwa jumla yake.

Linaloniuma zaidi ni mazoea ya kutupa kila thamani yenye %SD zaidi ya 20. %SD ni asilimia ya kiasi kilichopimwa, kwa hiyo laktati ikiwa kidogo, asilimia inapanda hata kama spektra ni safi kabisa. Ukichuja hivyo unawaondoa watu wenye laktati kidogo, unabaki na wenye nyingi, na wastani wa kundi unapanda kwa uongo. Mtafiti wa fani hii, Roland Kreis, alilionya hilo waziwazi mwaka 2016. Mimi huzidisha %SD kwa kiasi chenyewe ili nipate kosa halisi, kisha nauliza kama kosa hilo ni dogo kuliko tofauti ninayoitafuta kati ya makundi.

Zamani programu hii ililipiwa. Siku hizi ni bure, na msimbo wake uko wazi. Naipendekeza bila kusita, mradi utenge muda wa kutazama kila ukurasa kwa macho yako. Spektra 40 hunichukua asubuhi nzima.