Rotari nzuri, ila fundi waliyemtuma kufundisha, Mungu anawaona

Jina la duka sitaji maana sitaki maneno na watu, ila kama umeshawahi kuulizia rotari (kile kifaa cha kufunga mezani kinachogeuza chuma) ya mashine ya CNC, ile ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta, hapa Dar basi ushapita pale. Nilinunua mwaka jana mwishoni mwishoni, ya chaki ya taya nne, ndo inayobana chuma, na tailstoki yake ya kushikilia ncha ya pili, na kwenye bei walihesabu na fundi wa kuja karakanani kufunga na kufundisha. Hiyo ya kufundisha ndo inaniuma mpaka leo.

Kijana kaja kachelewa, simu sikioni, akafunga rotari mezani akainyoosha kwa dayo geji, ile saa ya sindano ya kupimia, hapo sina neno alijitahidi. Tukaja kwenye kuweka ziro, yaani kuionyesha mashine pa kuanzia kuhesabu vipimo. Kazi yangu ilikuwa bloku za alumini za haidroliki, mraba wa milimita 50, matundu pande zote nne na mengine yanatakiwa yatokee upande mmoja yakutane na yanayotoka upande wa pili. Yeye akachukua kikaratasi cha kujua kisu kimegusa, akagusa juu ya bloku akaweka Z (ya juu na chini) sifuri, akagusa ubavuni akaweka Y (ya mbele na nyuma) sifuri, utadhani kazi imebanwa kwenye vaisi haiendi popote! Nikamuuliza, kaka, chaki ikigeuka nyuzi 90 si huo ubavu unakuwa juu, sasa Y yetu itakuwa inasoma wapi? Hata hakunitazama. "Mzee, hii kompyuta, inajua yenyewe." Mzee, mie!

Haijui bwana. Bloku inazunguka kwenye senta ya chaki, mashine haina habari na uso wa chuma chako, na chuma chenyewe kimekatwa kwa msumeno, huku 50 huku 50 na nusu.

Akabonyeza stati. Upande wa kwanza safi kabisa, nikaanza hata kujiona mjinga kwa kuuliza. Kisu kikapanda milimita 5 juu ya bloku, chaki ikaanza kugeuka, kona ya bloku ikapanda nayo, paa! Endimili ya kabaidi, ndo hicho kisu, vipande viwili. Sasa piga hesabu, toka senta mpaka uso wa bloku ni 25, kisu kimesimama 30, wakati kona ya mraba wa 50 iko zaidi ya 35 toka senta. Lazima igonge, hamna namna. Unajua alisemaje? "Alumini yako ngumu." ALUMINI NGUMU. Akakusanya spana zake eti ana mteja Tegeta anamsubiri.

Kupiga ofisini, dada akanirusha kwa meneja, meneja ananiambia mafunzo yalishatolewa na fomu nimesaini. Ile fomu ni ya kupokea mzigo! Endimili hawajalipa, pole hawajasema.

Aliyenitoa ni jamaa yangu wa kiwanda kimoja Pugu Road, kwa voisi noti tu ya WhatsApp, bure. Funga kwenye chaki pini iliyosagwa ya milimita 20, hakikisha haichezi, gusa ubavu huu gusa ubavu ule gawa mbili, hapo ndo Y sifuri. Gusa mgongo wa pini, toa 10, hiyo ndo Z sifuri, iko katikati kabisa ya chuma na mwanzoni utaogopa ila ndo penyewe. Kwenye CAM, programu ya kuandaa njia ya kisu, nako asili (sifuri ya mchoro) weka hapo hapo senta, na kabla chaki haijageuka kisu kipande juu ya kona, sio juu ya uso. A, yaani nyuzi za kugeuka kwa chaki, unaiweka kwa kupitisha geji juu ya uso wa bloku mpaka sindano itulie. G54 (seti ya hizo sifuri kwenye mashine) moja tu inabeba pande zote nne, na kama hujaifungua rotari mezani Y na Z huzigusi tena, kazi mpya unaweka X (ya kushoto na kulia) na A basi. Ila Y usiilipue, maana ukikosa 0.1 tundu la upande wa pili linakosana na la kwanza kwa 0.2.

Nikafanya hivyo. Matundu yamekutana, nimepitisha pini toka huku mpaka huku haikukwama popote, nikacheka peke yangu karakanani. Na rotari yenyewe kusema haki ni nzuri jamani, chaki haina mchezo, ikigeuka na kurudi geji inasoma pale pale. Nilikuja hapa kuwapa nyota moja, nikafika kwenye hii aya nikaona wanastahili hata nne.

Halafu nikakumbuka "alumini yako ngumu". Mbili. Na ukienda kununua pale chukua kifaa, hela ya mafunzo waambie waitoe kwenye bei ukanunulie endimili.