Kamera ya hadubini kwa maabara za Tanga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kuuliza bei ya kamera, chukua venia (rula ya kubania ya kupimia kipenyo) upime mdomo wa hadubini yako. Kipimo hicho kinaamua mengi kuliko megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi. Bomba la lenzi ya jicho katika hadubini nyingi za kawaida lina kipenyo cha ndani cha milimita 23.2. Katika nyingine, hasa zile za kuchambulia mbu na wadudu, ni 30 au 30.5. Kama kichwa kina bomba la tatu kwa juu, tazama limeishia vipi: je, kuna mdomo mtupu, au kuna thredi ya C, yaani kipenyo cha inchi 1 na meno 32 kwa kila inchi? Andika kipimo hicho na jina la modeli kwenye karatasi. Kifaa kikishasafiri kutoka Dar hadi Tanga kwa basi na adapta, yaani kiungo cha kamera na hadubini, ikakataa kuingia, kukirudisha ni safari nyingine na wiki nyingine.

Jambo la pili ni kujua unapiga picha ya nini. Maabara ya hospitali inayotazama vimelea vya malaria, kituo cha afya kinachohesabu mayai ya kichocho, watafiti wa mbu kule Muheza na mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano anayetaka kuona nyuzi za mkonge hawahitaji kamera moja. Hapa ndipo wauzaji wanapochanganya watu, kwa hiyo tukae kidogo.

Megapikseli na njaa ya lenzi

Ubavuni mwa lenzi iliyo karibu na slaidi kuna namba mbili zenye mkwaju katikati, kwa mfano 100/1.25. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ndiyo inayosema lenzi inaweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana kiasi gani. Lenzi ya mafuta ya 100/1.25 huishia kwenye mikroni 0.27 hivi, chini ya hapo nukta mbili zinaonekana moja. Umbali huo ukikuzwa mara 100, kisha adapta ya 0.5 ikaupunguza nusu, unafika kwenye sensa ukiwa mikroni 13 na ushee. (Sensa hii si ya watu na makazi, ni kile kibamba kidogo kinachopokea mwanga ndani ya kamera.) Pikseli mbili zinatosha kuubeba umbali huo, kwa hiyo hata pikseli yenye upana wa mikroni 6 haipotezi kitu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa lenzi ya 10/0.25 au 4/0.10. Jibu linashuka hadi mikroni 3.3 kwa pikseli. Maana yake ni kwamba lenzi ndogo ndizo zenye njaa ya pikseli. Anayepiga picha ya bawa zima la mbu anahitaji pikseli ndogo na nyingi kuliko anayetafuta vimelea kwenye tone la damu, ingawa wengi huamini kinyume. Kamera ya megapikseli 5 au 6 yenye pikseli za mikroni 2 hadi 3.5 inafanya kazi zote za maabara ya kawaida. Ukiona "megapikseli 16" kwa bei ya kutupa, uliza ukubwa halisi wa sensa. Mara nyingi programu imezidisha pikseli kwa kubahatisha zile za katikati. Faili linakuwa kubwa, lakini hakuna kipya ndani yake.

Namba 1: kamera ya thredi ya C, USB 3.0, juu ya bomba la tatu

Kama hadubini ina bomba la tatu na bajeti inafika, usitafute kingine. Kamera inakaa palepale, macho yako yanabaki huru kutazama, na kipimo ulichoweka leo kitakuwa kilekile mwezi ujao.

Kinachowaponza wanunuzi ni adapta. Chukua sensa ya inchi 1/2.5, ambayo ni milimita 5.7 kwa 4.3, uiweke kwenye hadubini yenye uwanja wa kuona wa milimita 18. Ukitumia adapta ya 1 utapata asilimia 10 tu ya eneo ambalo jicho linaona. Ukiweka ya 0.5 unapata karibu asilimia 40. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba "kamera inakuza mno" wakati kamera haina kosa. Sensa ya inchi 1/3 inaendana na adapta ya 0.35, ya 1/2 na 0.5, ya 2/3 na 0.65. Ukikosea upande wa pili, sensa kubwa na adapta ndogo, pembe za picha zinakuwa nyeusi.

Kwa nini USB 3.0? Picha moja ya megapikseli 5 isiyobanwa ina megabaiti 5 hivi, na USB 2.0 kwa hali halisi hupitisha chini ya 40 kwa sekunde. Unabaki na fremu 7 kwa sekunde: unazungusha kitufe cha fokasi, picha inafika imechelewa, unapitiliza, unarudi. Kwa slaidi tano inavumilika. Kwa slaidi hamsini utaichukia kazi. Kebo ya USB 3.0 isizidi mita 3, na ichomekwe kwenye tundu la kompyuta lenyewe, si kwenye kigawio cha bei poa.

Bei yake ni ya mamilioni, si laki. Adapta mara nyingi huuzwa kando. Hakikisha imo kwenye ankara.

Namba 2: simu uliyonayo, na kibanio kizuri

Wengine wangeweka hapa kamera ya jicho, ile inayochomekwa mahali pa lenzi ya jicho. Sisi tunaweka simu, kwa sababu sensa na lenzi za simu ya kawaida ya leo zinazidi za kamera nyingi za jicho zinazouzwa kwa laki chache, na kibanio ni makumi ya elfu tu. Nunua kile cha chuma au plastiki nene chenye skrubu za kurekebisha pande tatu: juu-chini, kulia-kushoto na umbali kutoka kwenye lenzi. Vile vya mpira wa kuvuta huteleza.

Lenzi ya simu lazima ikae mahali ambapo jicho lako lingekaa. Ikisogea karibu mno au mbali mno, picha inakuwa duara dogo lenye kiza pembeni. Tumia kamera kuu ya simu, si ile ya uwanja mpana. Tatizo lingine ni kwamba simu "hujisaidia" yenyewe: inabadili mwanga, rangi na fokasi kila unaposogeza slaidi. Programu ya bure ya Open Camera kwenye Android inakuruhusu kufunga vyote vitatu. Piga kwa kuchelewesha sekunde 2, maana kidole kikigusa kioo kwenye lenzi ya 100 picha inatikisika.

Udhaifu wa simu ni kipimo. Ukiitoa na kuirudisha, mikroni kwa pikseli hazibaki zilezile, kwa hiyo usipime urefu wa yai kwa picha ya simu bila kupiga slaidi ya kipimo siku hiyohiyo. Na picha ikitumwa WhatsApp kama picha inapunguzwa ukubwa. Itume kama faili.

Namba 3: kamera ya jicho

Hii unatoa lenzi ya jicho, unachomeka kamera kwenye bomba la milimita 23.2, pete za ziada zinakuja kwa ajili ya 30 na 30.5. Inafaa kwa hadubini isiyo na bomba la tatu inayotakiwa kuonyesha picha kwenye laptopu au projekta darasani. Hakikisha ina lenzi ya kupunguza ya 0.5 ndani yake, na kwamba ni ya kiwango cha UVC, yaani kompyuta inaitambua bila draiva. Zile zinazokuja na kisidi kidogo cha programu huleta taabu: laptopu za sasa hazina pa kukiweka, na programu ikigoma kwenye Windows mpya umebaki na kipande cha bati.

Kwenye baadhi ya hadubini lenzi ya jicho imefungwa kwa skrubu ndogo ya pembe sita. Ilegeze, usivute kwa nguvu. Bomba likiwa na kipenyo kisicho cha kawaida, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza pete ya alumini kwa muda mfupi, mradi umpe kipimo cha ndani na cha nje mpaka sehemu ya kumi ya milimita.

Namba 4: Raspberry Pi na kamera yake ya HQ

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Kwa chuo chenye kijana anayependa kuchezea kompyuta, huu ni ununuzi wa akili. Kamera ya HQ ina sensa ya Sony IMX477, megapikseli 12.3, pikseli za mikroni 1.55, na inapokea thredi ya C. Usisahau pete ya milimita 5 inayokuja nayo: bila pete hiyo kamera ni ya CS, na fokasi ya kamera haitalingana na ya jicho. Umeme wake uwe wa volti 5 na ampea 3 za kweli. Chaja ya simu ya mtaani huleta onyo la umeme mdogo na mashine inajizima katikati ya kazi. Tumeishusha hadi hapa kwa sababu moja: aliyeifunga akihama, mara nyingi hakuna wa kuiendesha.

Kamera za HDMI zenye skrini yake juu ya bomba ni nzuri kwa kufundishia na hazihitaji kompyuta, ila nyingi hutoa picha za JPEG zilizobanwa na vipimo vyake hubaki ndani ya kifaa. Kamera kubwa za wapiga picha hufanya kazi nzuri sana lakini ni nzito, zinahitaji adapta ghali, na kioo chake cha ndani kikiruka hutikisa kila kitu. Na kile kijiti cha USB kinachodai "kukuza mara 1000" kiache. Kinafaa kutazama majani na noti za benki.

Programu

Usinunue programu ya kupimia kabla ya kujaribu ImageJ, au Fiji ambayo ni ImageJ iliyojazwa nyongeza. Ni bure, na imekuwa ikitumika tangu 1997. Kwa kunasa picha, kamera nyingi za China huja na ToupView au ndugu zake, nayo inatosha. Micro-Manager ni ya bure pia, ila angalia orodha ya kamera inazozitambua kabla ya kulipa.

Kuweka kipimo kunahitaji slaidi ya kipimo: mstari wa milimita 1 uliogawanywa sehemu 100, kila moja mikroni 10. Inunue pamoja na kamera. Bila hiyo una picha nzuri tu. Piga picha yake kwa kila lenzi. Kwenye ImageJ chora mstari juu ya vigawanyo kumi, fungua "Analyze", kisha "Set Scale", andika 100 na kizio "um". Kwa sensa yenye pikseli za mikroni 2.2, lenzi ya 40 na adapta ya 0.5, mikroni 100 zitakuwa pikseli 909 hivi. Ukipata namba ya mbali na hesabu yako, adapta si ile iliyoandikwa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni hili: kipimo kimewekwa kwenye picha ya 2592 kwa 1944, kisha mtu anapunguza hadi 1296 kwa 972 ili faili ziwe nyepesi. Yai la kichocho cha mkojo lenye mikroni 140 sasa linasomeka 70. Mayai hayo huwa kati ya mikroni 110 na 170, kwa hiyo hapo unajua kuna kosa. Chembe nyekundu ya damu, mikroni 7 hadi 8, ni shahidi mwingine wa haraka. Hifadhi picha halisi kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu, na ya kutuma tu ndiyo iwe JPEG.

Rangi ya Giemsa, ile ya kutia kwenye slaidi za damu, ikionekana kijivu au njano, sogeza slaidi mpaka mahali patupu, weka taa kwenye mwanga wa kazi, halafu sawazisha weupe. Ukipunguza taa ya halojeni baadaye, rangi inahama tena. Mistari inayopanda kwenye skrini hutokana na umeme; kwenye programu chagua hezi 50, si 60. Na kabla ya kuilaumu kamera kwa ukungu wa lenzi ya 40, kumbuka lenzi hiyo imetengenezwa kutazama slaidi yenye kioo cha kufunika cha milimita 0.17.

Kwa wanaonunua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni

Usiandike "kamera ya hadubini, megapikseli 5". Utaletewa chochote. Andika: thredi ya C, USB 3.0, sensa ya rangi ya CMOS isiyopungua inchi 1/2.5, pikseli za mikroni 2 hadi 3.5, adapta ya 0.5 inayoingia kwenye hadubini ya modeli uliyoitaja, slaidi ya kipimo, programu inayohifadhi TIFF. Taja pia kwamba kifaa kitajaribiwa mbele ya mzabuni kwa kufungwa kwenye hadubini hiyohiyo.

Picha ya slaidi ya mgonjwa isibebe jina lake kwenye faili. Tumia namba ya maabara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu simu yako pia.

Siku ya kupokea, funga kamera, weka fokasi kwa jicho kwenye lenzi ya 10, na tazama skrini: picha iwe kali bila kugusa kitufe. Kisha sogeza slaidi. Vidoa vinavyohama navyo ni vya slaidi. Visivyohama, zungusha kamera. Vikibaki palepale kwenye skrini viko kwenye kamera, na hiyo usiipokee. Mfuniko wa plastiki wa mdomo wa kamera usitupwe. Hewa ya bahari ya hapa huotesha ukungu kwenye vioo, kwa hiyo usiku kamera ilale kwenye boksi la plastiki lenye silika (punje za kunyonya unyevu), na silika ya buluu ikigeuka pinki irudishwe kwenye oveni, nyuzi 120, mpaka ibadilike tena.