Civil 3D na pointi za sevei: uzoefu wangu kwenye kazi za barabara

Nasanifu barabara, na Civil 3D ndiyo programu ninayoshinda nayo. Nimewasikia wenzangu wengi wakiilaumu programu hii pale pointi za sevei, yaani mahali mpima alipopima ardhini, zinapogoma kuingia, au zinapoingia zikakaa zisikotakiwa. Mimi naitetea. Kwa niliyoyaona, programu hii husoma faili kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kasoro huwa imeshaingia kabla, na kazi yetu wasanifu ni kuitambua kwa dalili zake. Tathmini yangu itakaa kwenye hatua hii moja ya kuingiza pointi, maana uso wa ardhi, kontua (mistari ya mwinuko sawa), na hesabu ya udongo wa kukata na kujaza vyote vinaitegemea.

Faili la kawaida ni la maandishi: namba ya pointi, nothingi (kodineti ya kuelekea kaskazini), istingi (ya kuelekea mashariki), mwinuko, maelezo. Mpangilio huo ndio PNEZD. Wapima wengine hutanguliza istingi, na hapo unakuwa PENZD. Mipangilio yote miwili imo tayari ndani ya Civil 3D, na chini ya dirisha la kuingizia utaona mistari ya mwanzo ya faili ikiwa imeshagawanywa katika safuwima. Sehemu hiyo naithamini kuliko kitu kingine chochote kwenye dirisha lile. Kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa Ikweta, nothingi ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, huku kwetu ina tarakimu saba kabla ya nukta na huanza na 8 au 9, ilhali istingi ina tarakimu sita. Katikati ya Dar es Salaam, kwa mfano, istingi ni kama 530,000 na nothingi kama 9,248,000. Ukiona tarakimu sita chini ya nothingi, badilisha mpangilio kabla hujabofya chochote.

Ugumu halisi uko kwenye sevei ndogo ya kalavati au kiwanja, ambapo mpima ameanzia kodineti za kujipangia, 1000, 1000. Namba zote zinafanana, kwa hiyo tarakimu hazikuambii kitu. Istingi na nothingi zikibadilishana hapo, eneo lote linageuka kama kwenye kioo: kona ya kushoto inakuwa ya kulia, na nyumba zinahamia ng'ambo ya barabara. Umbali kati ya pointi unabaki sahihi, mwinuko sahihi, hata ukubwa wa eneo sahihi, na hakuna hesabu itakayokushtua. Kinga yake ni mchoro wa mkono wa mpima, unaoonyesha mto unatoka wapi na kaskazini iko upande gani. Huwa naudai mchoro huo pamoja na faili, hata kama kazi ni ya mita hamsini.

Baadaye zinakuja kanda za UTM. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na mstari huo unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Morogoro iko kanda ya 37, Dodoma iko ya 36, kwa hiyo barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma inavuka mpaka huo. Ukipokea mafaili ya timu mbili, kila moja imepima kwenye kanda yake, vipande vyako vitakaa mamia ya kilomita mbalimbali kwenye mchoro. Hapa Civil 3D imenifaa sana. Unachagua kanda ya mchoro kwenye mipangilio yake, unaunda mpangilio wa faili wenye kanda ya pili, halafu unapoingiza unaweka tiki penye kuruhusu ubadilishaji wa kodineti. Pointi zinahamia mahali pake zenyewe. Mchoro usio na kanda, au faili lisilo na kanda, tiki hiyo haina la kufanya. Ningependa programu ikuulize kanda mwanzoni kabisa, na hapo ndipo ninapoipunguzia nyota moja kati ya tano. Wenzetu wa Kenya wana lao jingine: Ikweta inawapitia katikati, basi nothingi inaweza kukaribia 10,000,000 upande wa kusini na kuanza upya kutoka sifuri upande wa kaskazini.

Datamu, yaani msingi wa umbo la dunia ambao kodineti zimehesabiwa juu yake, ni mtego wa kimya zaidi. Ramani nyingi za zamani na alama nyingi za upimaji Tanzania, Kenya na Uganda ziko kwenye Arc 1960, wakati mashine ya GPS inatoa WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300, nyingi ikiwa ya kaskazini-kusini. Ni ndogo kiasi kwamba kwenye ramani ya mkoa huioni, na ni kubwa kiasi cha kuitoa barabara yako kwenye hifadhi yake na kuipitisha mashambani kwa watu. Kabla sijaingiza faili nisilolijua, nalifungua kwanza kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, na kuweka picha ya satelaiti chini yake. Najaribu EPSG (namba ya kutambulisha mfumo wa kodineti) 32737, ambayo ni WGS 84 kanda ya 37 kusini. Pointi zisipokaa juu ya barabara iliyopo, najaribu 21037, ambayo ni Arc 1960 ya kanda hiyohiyo. Kwa upande wa Dodoma ni 32736 na 21036. Jibu linaonekana kwa macho ndani ya dakika chache.

Halafu kuna tatizo ambalo wengi hulichukulia kuwa uzembe wa mpima, na hilo ni kumwonea mtu bure. Nusu ya kazi imepimwa kwa RTK (GPS ya usahihi wa juu), nusu kwa totali stesheni (mashine ya kupima pembe na umbali) kwa umbali wa ardhini, na vipande viwili havikutani. Sababu ni gridi ya UTM yenyewe. Kwenye meridiani ya kati, yaani longitudo ya katikati ya kanda, kipimo chake (uwiano wa umbali wa gridi na umbali halisi) ni 0.9996, na Dar es Salaam iko karibu na meridiani ya nyuzi 39, kwa hiyo mita 100 za ardhini zinapungua kama sentimita 4 kwenye gridi. Dodoma iko pembeni mwa kanda ya 36, na mambo yanageuka: mita 100 za ardhini zinaongezeka kama sentimita 5, hata baada ya kuhesabu mwinuko wa jiji. Kwa kilomita moja hiyo ni nusu mita. Mpima na msanifu wakubaliane kipimo cha kuoanisha kabla ya faili kutumwa. Kusukuma pointi kwa mkono ili zikutane kunaharibu data nzuri.

Kuhusu Excel naomba niseme kwa msisitizo: lifungue faili la sevei kwenye Notepad kwanza. Excel ikikuta jina la pointi 3-4 inaligeuza kuwa tarehe. Ukiipa safuwima alama za maelfu kisha ukahifadhi kama CSV (faili la maandishi linalotenganisha safuwima kwa koma), nothingi inaandikwa 9,248,123.456, na koma hizo zinaweza kuvuruga mgawanyo wa safuwima zote zinazofuata. Seli ikionyesha desimali mbili, CSV inabeba hizo mbili tu, milimita zimekwenda. Kwa wenye mashine za Leica, ombeni faili la GSI, aina ya faili la mashine hizo, lenye nafasi 16; ile ya nafasi 8 haitoshi kubeba nothingi yetu yenye tarakimu saba na desimali tatu za milimita.

Ukiingiza na skrini ikabaki tupu, andika Z kisha E uone mchoro mzima. Kama pointi zote zimejazana karibu na 0,0, huenda umepewa latitudo na longitudo kwa nyuzi.

Namba zinazojirudia hazinisumbui tena. Timu mbili zikianza zote na pointi namba 1, Civil 3D inasimama na kukuuliza. Chagua kuongeza kiasi, kwa mfano 10000 kwa timu ya pili, na kila pointi inabaki na asili yake inayoonekana. Chaguo la kuandika juu ya zilizopo linafuta pointi kweli, kwa hiyo lisiguswe ila una nakala.

Mwisho ni mwinuko. Kabla ya kujenga uso wa ardhi, panga jedwali la pointi kwa mwinuko na utazame ncha zote mbili. Dodoma iko juu ya mita 1,100. Pointi moja yenye sifuri itachimba shimo la kilomita nzima katikati ya kontua zako. Zitoe pia nyaya za umeme na vilele vya kuta kwa kutumia kundi la pointi linalochuja maelezo, ili uso ujengwe na pointi za ardhini peke yake.