Snapseed kwa kukropu picha za kuprinti: imenikaa, ila pasipoti saizi haina

Wadau wa picha, leo naiongelea Snapseed, apu ya Google ya kuhariri picha kwenye simu, ila sio mambo ya filta na kung'arisha sura ambayo kila mtu anayajua, naongelea ile sehemu ya kukropu, yaani kukata kingo za picha ikae umbo unalotaka, peke yake, maana kwangu mimi hiyo ndo sababu haijawahi kutoka kwenye simu. Kama picha zako zinaishia status basi hii haikuhusu sana, lakini kama we ni mtu wa kuprinti, wa albamu, wa fremu ya sebuleni kwa mama, kaa hapa tuongee.

Shida yenyewe iko hivi. Simu nyingi zinapiga picha ya umbo la 4:3, yaani upande mrefu sehemu 4 na mfupi sehemu 3, na ya megapikseli 12 inatoka pikseli (vidoti vinavyojenga picha) 4000 kwa 3000. Kamera kubwa za maharusini nyingi zinatoa 3:2, umbo lililotoka kwenye filamu za zamani za milimita 35, kipande chake kilikuwa milimita 36 kwa 24. Sasa njoo kwenye karatasi za studio, ambazo zinapimwa kwa inchi: 4 kwa 6 ni 3:2, 5 kwa 7 ina umbo lake, 8 kwa 10 lake tena, A4 nayo kivyake. Hazilingani, na karatasi haivutiki, kwa hiyo lazima kitu kikatwe au sehemu ibaki nyeupe. Ukipeleka faili lako hivyo hivyo, mara nyingi mashine inajaza karatasi na kuacha nje kinachozidi, inabakisha katikati tu, haijui aliyesimama pembeni ni nani. Na fundi ana foleni ya watu wanataka picha za pasipoti sasa hivi, hawezi kukaa anakagua moja moja.

Kuna studio moja Kariakoo ilituprintia picha ya familia ya kipaimara, 8 kwa 10, shangazi aliyesimama mwisho wa mstari akatoka nusu uso. Shangazi alisafiri kutoka mbali kuja kwenye shughuli ile! Iliniuma sana, na inauma zaidi kwa sababu picha yenyewe ilikuwa nzima kabisa, kila mtu yumo.

Chukua hesabu kidogo, ina faida. Picha ya kamera ya 3:2 ya kulala ukiiweka kwenye 8 kwa 10 unapoteza moja ya sita ya upana, yaani kila upande moja ya kumi na mbili. Mkijipanga watu kumi na wawili mstari mmoja mkajaza picha, hapo ni mtu mmoja kila pembeni! Ya simu ya 4:3 ina nafuu, kwenye 8 kwa 10 inabaki 3750 kwa 3000, unapoteza kidogo tu pembeni. Lakini ya simu hiyo hiyo ukiipeleka 4 kwa 6 mkato unahamia juu na chini, kutoka 3000 unabaki na kama 2667, na hapo ndo vilemba vinakatika juu na miguu inakatika chini. Na wale mnaopiga simu ikiwa imewekwa 16:9 kwa sababu inajaza skrini vizuri, jamani acheni, kwa picha ya kuprinti simu nyingi hapo zimeshakukatia juu na chini kabla hujaanza, halafu studio inakuja kukukatia na pembeni.

Sasa Snapseed. Ukiingia kwenye kukropu inakupa maumbo yaliyopangwa tayari, 1:1, DIN, 3:2, 4:3, 5:4, 7:5, 16:9, na ya kujivutia mwenyewe. Ukiangalia vizuri hizo ndo karatasi za studio zenyewe: 3:2 ni ya 4 kwa 6, 8 kwa 12, 12 kwa 18 mpaka 20 kwa 30. 7:5 ni ya 5 kwa 7. 5:4 ni ya 8 kwa 10 na 16 kwa 20. Hiyo DIN wengi wanairuka hawajui ni nini, hiyo ndo A4, A3 na ndugu zake, kipimo cha karatasi cha Wajerumani cha tangu 1922 ambacho leo dunia karibu nzima inakitumia. Unachagua umbo, unasogeza fremu kwa kidole mpaka watu wote wamo, umemaliza. Uamuzi wa nani abaki na nini kitoke unaufanya wewe unayewajua hao watu, sio mashine. Mi naona hapo ndo thamani yake yote ilipo.

Kingine ninachokipenda ni bure, haina matangazo, haibandiki nembo kwenye picha yako, na haihitaji bando wakati unakropu. Google waliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2012 na tangu mwaka huo ni ya bure, kwa hiyo sio apu ya jana iliyokuja kuchukua namba za watu.

Ila kinachoiokoa zaidi kwenye picha za kikundi ni kifaa kinaitwa Expand, na sijui kwa nini watu hawakisemi. Kuna picha hazikropiki, watu wamejaa kuanzia ukingo mpaka ukingo na ukigusa popote umemkata mtu. Hapo unaingia Expand, unachagua nyeupe, unavuta pembeni kuongeza nafasi, halafu ndo unarudi kukropu 3:2. Picha inatoka na ukanda mweupe kushoto na kulia, hakuna aliyekatwa, na ukiiweka kwenye fremu inapendeza tu. Kuna chaguo lingine la yenyewe kujazia kwa kuiga kilichopo pembeni, hilo kwa anga au mchanga wa ufukweni linafanya kazi safi, lakini pembeni kukiwa na mtu au tofali za ukuta litakurudishia mkono wa mtu mara mbili, usithubutu.

Mapungufu yapo. Kwenye kukropu unaona umbo tu, inchi hakuna, kwa hiyo lazima ujue mwenyewe karatasi ipi ni umbo lipi. Umbo la 11 kwa 14 halipo kwenye orodha. Na kubwa kuliko yote, pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 haipo, utahangaika na kukropu kwa kujivutia na haitakaa sawa, bora hiyo umwachie fundi wa studio, ana kipimo chake tayari. Ya viza ya Marekani ni inchi 2 kwa 2 kwa hiyo 1:1 inakupa umbo, ila vipimo vya kichwa inabidi uvihakiki mwenyewe.

Usikropu ukabana kabisa pia. Mashine ya kuprinti bila ukingo inakula milimita kadhaa kila upande, na fremu nayo inafunika kingo za picha, kwa hiyo acha hewa kidogo juu ya vichwa. Kwenye mipangilio ya apu angalia ukubwa wa picha usiwe umepunguzwa, na kiwango cha ubora wa JPG weka 100. Kwa printi nzuri ya pikseli 300 kwa kila inchi, 4 kwa 6 inataka pikseli 1800 kwa 1200 na 8 kwa 10 inataka 3000 kwa 2400, picha ya simu ya megapikseli 12 inafika hata baada ya kukropu, lakini iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa, ukiikropu tena kwa 8 kwa 10 itatoka na ukungu.

Nyota nne kati ya tano, ya tano nitaitoa siku wakiweka pasipoti saizi. Ukishamaliza kukropu peleka kwa fleshi, au mtumie fundi WhatsApp kwa njia ya dokumenti, na umwambie kwa mdomo wako kwamba hii imeshakatwa 4 kwa 6, asiiguse.