Uyoga wa friza Mtwara mjini: mzuri, ila usiuyeyushe

Pakiti za nusu kilo za uyoga aina ya mamama (oyster) uliogandishwa, zinazouzwa kwenye friza za baadhi ya maduka ya Mtwara mjini, zina bidhaa nzuri na maelekezo mabaya. Nyuma ya pakiti imeandikwa kwamba uyoga ulowekwe kwanza kwenye maji ya moto. Usiuloweke.

Uyoga ni maji kwa karibu asilimia 90. Yakiganda, barafu inapasua kuta za chembechembe zake, na ukiuacha uyeyuke, maji hayo yanamwagika na ladha yake. Unaobaki ni mlaini kwa nje na mgumu kutafuna, kama raba. Kuuacha mezani kutwa nzima kwa joto la huku ni vibaya zaidi, kwa sababu wa juu unaanza kuharibika wakati wa katikati bado ni barafu.

Utoe kwenye friza uende moja kwa moja kwenye kikaangio kipana kilichokwisha kupata moto. Kwa jiko la mkaa, subiri mkaa wote ukolee. Weka mafuta vijiko viwili vya chakula, kisha uyoga usiozidi gramu 200 kwa mara moja. Ukijaza, moto unazidiwa na uyoga unachemka badala ya kukaangika. Usifunike wala usitie chumvi mapema, maana chumvi inavuta maji. Maji ya kijivu yatatapakaa, yaache yakauke, kama dakika sita hadi nane hivi. Mlio wa kutokota ukigeuka kuwa mlio wa mafuta na kingo zikianza kuwa za kahawia, hapo ndipo weka kitunguu, kitunguu swaumu na chumvi. Nyanya zifuate baadaye, kwani nazo zina maji yake.

Kwa mchuzi wa nazi pakiti hii inafaa sana. Baada ya kukausha maji yake hivyo, mimina tui jepesi, punguza kama nusu kikombe kuliko unavyoweka kwa uyoga mbichi, uache uchemke dakika tano. Tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo huku unakoroga, lisikatike. Anayetumia korosho mbichi zilizosagwa atie pamoja na tui jepesi, zipate muda wa kuiva. Korosho zinashika chini haraka, kwa hiyo mwiko usitulie.

Kuyeyusha kunahitajika pale tu unapotaka kuukatakata, kwa mfano wa kujazia sambusa. Uweke kwenye chujio juu ya bakuli, ndani ya jokofu, usiku kucha. Asubuhi ukamue taratibu. Ukiacha maji, manda yatalowa na kupasuka kwenye mafuta. Yale maji usiyamwage, yachemshe kwenye supu. Uyoga ulioyeyuka usirudishwe friza ukiwa mbichi.

Kwa kuchoma au saladi, hapana. Hakuna ufundi utakaourudishia ukavu wake, na msimu wa mvua uyoga mbichi upo.

Kasoro iliyotukera ni vikonyo: vimeachwa virefu, na sehemu ya chini haiivi pamoja na kofia. Vikate vikiwa bado na barafu, kisu kinapita vizuri zaidi. Tarehe ya kufungasha nayo haipo, kwa hiyo dukani itikise pakiti. Vipande vikichezacheza, chukua. Ikiwa ni bonge moja, au kuna barafu ya njano imejikusanya kwenye kona, huenda umeme ulikatika, uyoga ukayeyuka na kuganda tena. Iache hapo hapo. Iwe ndiyo bidhaa ya mwisho kuichukua kabla ya kulipa, na kama unarudi Mikindani kwa bodaboda, izungushie gazeti tabaka kadhaa ndani ya mfuko.